Mafaili ya Rafu ya Chini

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Miaka kumi na miwili nimeandika habari za watu wengine: umri, jina la baba, ugonjwa, namba ya kitanda. Zangu sijawahi kuandika hata mstari. Daftari amenipa mume wangu. Kalipata kwenye nyumba aliyokwenda kutengeneza bomba, wenyewe walikuwa wanahama. Kurasa za mwanzo zilikuwa na hesabu za mtoto wa watu, tena za kukosa, nimezichana.

Nijieleze basi. Mimi ni karani wa masjala katika hospitali ya serikali, dirisha la tatu. Mgonjwa anayelazwa hupita kwangu kabla hajaiona wodi. Foleni yangu ndiyo inayokwenda upesi kuliko zote, na siri yake ni kitu nilichokibuni mwenyewe, tunakiita fungu. Fomu ya kulazwa, fomu ya vitu vya mgonjwa na fomu ya ridhaa ya upasuaji nazibana pamoja kwa kibanio kimoja, zikipishana kama ngazi, zionekane sehemu za chini tu. Mgonjwa anaweka dole gumba mara tatu, mimi natia sahihi ya shahidi mara tatu, kwaheri. Ajuaye kusoma na asiyejua, wote dole gumba, maana ajuaye kusoma ana tabia ya kutaka kusoma. Mkuu wetu wa masjala, Mzee Taratibu, alilisifu fungu langu mbele ya wafanyakazi wote. Jina hilo tumempa sisi, kwa kuwa hakuna jambo asilolijibu kwa kusema, "Taratibu, taratibu."

Leo kaja mwanamke mmoja, mshonaji wa sare za shule, nyuzi zimemganda kwenye blauzi. Ana barua kaiandika kwa mkono, mwandiko wa kupendeza. Anataka nakala ya faili lake la miaka mitatu iliyopita, alipojifungua kwa upasuaji.

"Litatafutwa," nikamwambia. "Njoo Jumatatu."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Jumatatu ni Jumatatu, dada."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Foleni mpaka mlangoni. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee Taratibu kanituma kushuka ghala la mafaili, lile lililo chini ya jengo, ngazi kumi na moja kwenda chini. Anataka mafaili ya wodi ya wazazi ya mwaka ule wa miaka mitatu nyuma yatoke rafu ya juu, yakae rafu ya chini kabisa, sentimita chache kutoka sakafuni. Nikauliza kwa nini. Kasema ili yawe rahisi kufikiwa.

Nimeinama na kuinuka mchana kutwa. Kiuno si changu. Nilitaka kumwambia kwamba rafu rahisi kufikiwa ni ile iliyo usawa wa macho, lakini mzee huyu ndiye aliyenitafutia kazi baba yangu alipofariki, na matangani alikaa siku tatu. 

Jumatatu, 11 Machi

Yule mshonaji karudi, saa mbili kamili. Nilimwambia faili bado linatafutwa. Hakuondoka. Akainamia tundu la dirisha na kunieleza mambo yake, watu kumi wako nyuma yake.

Anasema alijifungua hapa mtoto wa kike, wa pili. Baada ya hapo hakushika mimba tena. Mwaka jana akaenda kupimwa hospitali nyingine, wakamwambia alifungwa kizazi. Yeye hana habari. Mume wake anasema hakuna mtu anayefungwa asijue, kwa hiyo alikubali mwenyewe kisirisiri na sasa anaigiza. Mume kahamia kwa dada yake. Kasema atarudi siku atakapoona karatasi.

"Ninachotaka ni kuiona hiyo karatasi niliyokubali," akasema. "Kama nilikubali, niione."

"Subira huvuta heri, dada."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu, bila hata kupandisha sauti.

Wenzangu wameshambandika jina, Dada Jumatatu. Na mimi nilicheka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimechapa orodha ya Mzee Taratibu. Kichwa chake: "Mafaili Yaliyoharibiwa na Maji." Majina mengi, namba za mafaili, wodi, mwaka. Nikadhani ni mafuriko ya zamani. Nilipouliza niweke tarehe gani, akasema niache wazi, itajazwa.

Nikashuka ghalani kutazama. Sakafu kavu, vumbi limelala, nyayo za viatu vyangu vya wiki iliyopita bado zinaonekana.

"Tunajiandaa mapema," akasema niliporudi. "Mwenye busara hashoni mwavuli mvua ikinyesha." Hiyo methali sijawahi kuisikia popote, nadhani kaitunga palepale.

Jumatatu, 18 Machi

Dada Jumatatu, saa mbili kamili. Leo alisimama muda mrefu akisoma bango lililo ukutani kando ya dirisha langu. Ni bango la Haki za Mgonjwa. Lina haki nane, lakini kabati la chuma limezifunika kuanzia ya nne. Ni mimi niliyeagiza kabati liwekwe pale.

"Ya tano inasemaje?" akaniuliza.

"Sijui."

"Umekaa hapa miaka mingapi?"

Nikaita mtu mwingine kwenye foleni. Alipokwisha kwenda, nikawaomba wafagizi wawili wanisaidie kulisogeza kabati, nikasingizia kuna panya. Ya tano inasema mgonjwa ana haki ya kupewa nakala ya taarifa zake za matibabu ndani ya siku kumi na nne tangu aombe kwa maandishi. Barua yake ya kwanza ina siku kumi na nne leo. Ya nne inasema mgonjwa asifanyiwe upasuaji kabla hajaelezwa kwa lugha anayoielewa na kukubali kwa hiari yake. Kabati nikalirudisha.

Jumanne, 19 Machi

Leo nitaandika sana, maana sina wa kumwambia.

Saa ya chakula nilishuka ghalani. Nilijiambia nakwenda kulitafuta faili la yule dada ili nimwambie halipo, nipumue. Lilikuwepo. Rafu ya chini, mahali nilipoliweka kwa mikono yangu. Halikunichukua hata dakika mbili.

Kadi yake ipo. Chati ya joto ipo. Mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Karatasi ya upasuaji, ile ambayo daktari huandika alichofanya na kutia jina lake, haipo. Kwenye uzi wa faili kumebaki kipande cha pembe iliyochanika. Halafu fomu ya ridhaa. Penye "aina ya upasuaji" pameandikwa kwa wino mweusi: "Upasuaji wa kujifungua." Ni mwandiko wa nesi, ndivyo wanavyoandika wote. Mbele yake, kwa wino wa buluu na kwa mwandiko mwingine, pameongezwa: "na kufunga kizazi, kwa hiari ya mgonjwa." Mwandiko huo naujua. Kila barua ya likizo yangu imepitishwa kwa mwandiko huo. Ile k yenye mkia mrefu ni ya mtu mmoja tu katika jengo hili, na ni Mzee Taratibu.

Chini yake kuna dole gumba. Limevutwa pembeni, wino umetambaa. Na hapo ndipo nilipomkumbuka. Alikuja na uchungu mkali, ameshika ukingo wa dirisha langu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia nimeushika mimi. Kidole kilimteleza. Nikamwambia, "Legeza mkono, dada, unaniharibia fomu." Hayo ndiyo maelezo aliyopewa. Mengine hayakuwepo.

Penye daktari hapana kitu. Penye shahidi, mstari unaosema "nathibitisha kwamba mgonjwa ameelezwa mbele yangu na ameelewa," kuna sahihi moja safi na jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Langu.

Nilikaa kwenye ngazi na faili mapajani. Niliona haya peke yangu, hakuna mtu anayenitazama. Mwanamke mwenye mwandiko kama ule nilimpigisha dole gumba kama ng'ombe anayetiwa alama. Kisha nikalirudisha faili mahali pake, nikapanda, nikaendelea na foleni. Mchana huu nimeshuhudia watu arobaini na mmoja.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Chakula hakikunipanda.

Ijumaa, 22 Machi

Nimeyapitia mafaili yote ya rafu ile, saa ya chakula, siku mbili mfululizo. Kumi na saba yana maneno yaleyale ya buluu. Kalamu ile ile, mteremko ule ule, utasema yaliandikwa kikao kimoja. Yote kumi na saba hayana karatasi ya upasuaji. Yote kumi na saba shahidi ni mimi. Na yote kumi na saba yamo katika orodha niliyoichapa, yamechanganywa na mengine yasiyo na neno.

Mwaka ule wodi ya wazazi ilipewa cheti kwa takwimu nzuri za uzazi wa mpango. Daktari wa wodi akapandishwa cheo, sasa ndiye Mganga Mkuu wa hospitali nzima. Kulikuwa na keki. Nilikula vipande viwili.

Jumatatu, 25 Machi

Saa mbili kamili.

"Limeonekana?"

"Bado."

Nilikuwa namtazama machoni. Sikujua kama naweza uongo mzuri kiasi kile.

Alhamisi, 28 Machi

Mume wangu aliitwa hospitali kuzibua sinki la jikoni, akapita nyuma ya jengo letu. Jioni kaniuliza kama tuna ugomvi na mtaro.

"Ugomvi gani?"

"Mtaro wa nyuma umezibwa na gunia la mchanga. Halikuletwa na maji hilo. Limesokomezwa na mtu, tena mwenye nguvu. Mvua kubwa ikija, maji hayana pa kwenda ila ghalani kwenu. Nilitaka kulitoa, mlinzi akanizuia, eti ni amri."

"Amri ya nani?"

"Mama, mimi ni fundi bomba. Nauliza maji yanakwenda wapi, siulizi nani kayatuma."

Nikamweleza yote. Aliacha kula. Baadaye akasema nisijitie mahali ambapo sitatoka, watoto wana mitihani, na nyumba haiendeshwi kwa mshahara wa fundi peke yake. Halafu akaniuliza yule dada ana mtoto mmoja au wawili. Nikamwambia wawili. "Angalau," akasema, kisha akaona alichosema, akatoka nje.

Jumanne, 2 Aprili

Nilimwendea Mzee Taratibu ofisini. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno ya heshima. Alinimiminia chai kabla sijaomba, akasukuma kiti kwa mguu.

"Kaa, mwanangu. Unashuka sana ghalani siku hizi. Afya yako iko sawa kweli? Kule kuna ukungu."

Nikamwambia nimeliona faili la mshonaji. Nikasema nimeona na mengine kumi na sita.

Hakushtuka. Alikoroga chai yake, akaitazama ikizunguka. "Mganga alishafanya alichofanya. Wakaguzi walikuwa wanakuja, karatasi zina nafasi tupu. Sisi tuliweka karatasi sawa. Hiyo ndiyo kazi ya masjala."

"Mzee, hawa wanawake hawakuambiwa."

"Nani kasema hawakuambiwa? Kuna shahidi aliyethibitisha kwamba waliambiwa." Akafungua droo, akatoa nakala ya fomu moja, sijui ya nani katika wale kumi na saba, akaigeuza upande wangu. "Wino wa buluu hauna jina, mwanangu. Daktari hayumo. Mimi simo. Tafuta jina lililomo, unisomee."

Sikusoma.

"Nisomee, taratibu tu."

Nikasoma jina langu, na la baba yangu aliyemzika yeye.

"Umeona," akasema kwa upole kabisa. "Mvua hii inakuja kukuokoa wewe, wala si mimi. Kunywa chai, inapoa."

Nikainywa. Ndicho kinachonichoma usiku huu, kwamba niliinywa yote na nikasema ahsante.

Jumatatu, 8 Aprili

Maji yameingia ngazi ya mwisho, kina cha kidole.

Dada Jumatatu leo kaja na karatasi. Kuna Baraza la Malalamiko ya Wagonjwa, kalienda mwenyewe kwa miguu. Wanapokea lalamiko ndani ya miaka mitatu tangu siku ya tendo, halipokelewi hata siku moja zaidi, na lazima liwe na nakala ya faili yenye muhuri wa masjala. Miaka yake mitatu inaisha Jumanne, tarehe 30 Aprili.

"Zimebaki wiki tatu," akasema. "Nikusaidie kutafuta? Mimi nina macho, natunga sindano bila miwani."

Nilishindwa hata kumdanganya. Nikamwambia tu, "Njoo Jumatatu."

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mzee Taratibu anatembea anaimba chinichini.

Jumatatu, 15 Aprili

Saa mbili hakuja. Saa tatu hakuja. Nilijikuta nanyoosha shingo nje ya dirisha mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama namngoja mchumba. Wiki zote hizi nilikuwa naomba asije.

Jumanne, 16 Aprili

Kaja leo, macho yamevimba. Jana watu wawili kutoka hospitali walikwenda mpaka nyumbani kwa wifi yake, wakamwonyesha mume wake fomu kutoka mbali, kama mtu anavyomwonyesha mbwa mfupa, wakasema mkeo huyu hapa alikubali, dole gumba lake hili. Nakala hawakumwachia. Mume kaja kuchukua nguo zilizobaki.

"Dole gumba," akaniambia. "Mimi nimeandika barua sita kwenye dirisha hili kwa mkono wangu. Mume wangu nilimfundisha mimi kusoma. Nani alinipigisha dole gumba?"

Nilisema, "Dada, naomba unipe wiki moja." Hakujua kwa nini nasema kwa sauti ile, na mimi sikuwa nimepanga kuisema.

Jumatano, 17 Aprili

Karani hahitaji moto wala maji kulipoteza faili. Faili likiwekwa pasipo pake limekufa kwa watu wote, isipokuwa aliyeliweka. Saa ya chakula nilivua viatu, nikapanda ngazi ya mbao na mafaili kumi na saba kwa mafungu matatu. Nikayachomeka rafu ya juu kabisa, katikati ya wagonjwa wa macho wa miaka ishirini iliyopita. Hakuna mtu aliyeomba faili la macho la miaka ishirini tangu nije hapa. Kwenye rafu ya chini nikajaza magamba matupu ya mafaili ili pasionekane pengo.

Alhamisi, 18 Aprili

Maji yamekuja saa nane mchana. Tulisikia kwanza, mngurumo chini ya miguu, halafu kiti changu kikawa kinatetemeka. Mafundi wakapiga kelele umeme uzimwe. Nilikimbilia ngazi na nikamkuta Mzee Taratibu ameshafika, amesimama juu kabisa, funguo mkononi. Chini yake maji ya rangi ya matope yanazunguka, na mafaili yanatoka mlangoni mojamoja, yanapinduka.

Wafagizi wawili walitaka kushuka na beseni. Akawazuia kwa mkono. "Taratibu. Uhai wa mtu kwanza. Karatasi ni karatasi."

Mmoja akasema, "Lakini mzee, ni mafaili ya watu."

"Ni mipango ya Mungu," akasema, na akaitazama saa yake. Nilimwona. Aliitazama saa yake kama mtu aliyengoja gari likafika kwa wakati.

Nilikuwa sina hofu ya maji. Nilikuwa na hofu ya yule mzee aliyelala chini siku tatu kwenye matanga ya baba yangu. Nilijiuliza ni lini aligeuka, na nikaona pengine hakugeuka. Pengine fadhila na haya mengine vyote vilikuwa vyake, na mimi nilipewa upande mmoja.

Jumatatu, 22 Aprili

Maji yamepungua, yameacha tope la kufika goti. Rafu za juu hazikuguswa. Orodha yangu imetolewa droo, tarehe imejazwa 18 Aprili, kwa wino wa buluu. Chini kuna mstari: "Nashuhudia kwamba nimeyaona mafaili yaliyotajwa hapo juu yakiwa yameharibika." Mzee Taratibu kaniwekea kalamu juu yake.

Nikasema mkono wangu una uvimbe, nitatia sahihi ukipoa. Kacheka. "Wiki hii, basi. Haraka haraka haina baraka."

Dada Jumatatu kahudumiwa na mzee mwenyewe. Kamshika bega, kampa pole, kamwambia faili limekwenda na maji. Yule dada hakulia. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka tunafunga, mikono mapajani, anatazama dirisha langu. Nilipotoka nikapita karibu yake na kumwambia, "Jumatatu usikose." Akainua uso, akanitazama kama anayepima kitambaa.

Alhamisi, 25 Aprili

Uvimbe wa mkono haujapoa, nimesema. Mzee Taratibu hakucheka leo.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimelitoa faili kati ya wagonjwa wa macho. Nakala za rangi nimezitoa kwenye duka la stesheneri, mume wangu kanisindikiza.  Tulipofika mlangoni akasema, "Mimi ningekuwa wewe ningeogopa."

"Naogopa."

"Haya," akasema, na akaishika bahasha ili mvua isiilowanishe.

Muhuri wa masjala hukaa droo yangu. Nimegonga kila ukurasa.

Jumatatu, 29 Aprili

Saa mbili kamili. Foleni ndefu, Mzee Taratibu yuko meza ya nyuma yangu anasoma gazeti.

Nilifungua daftari la kutolea mafaili, nikamwambia yule dada aandike jina lake na tarehe. Akaandika. Nikampa kalamu tena, atie sahihi. Akatia. Kisha nikafanya jambo ambalo katika miaka kumi na miwili sijawahi kumfanyia mgonjwa yeyote: nikamsomea fomu yake. Neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika. Nikamwambia hapa nesi ameandika upasuaji wa kujifungua, huu ni wino mweusi. Hapa mtu mwingine ameongeza kufunga kizazi, wino wa buluu, siku nyingine. Hapa daktari alipaswa kuweka jina, hakuweka. Karatasi ya upasuaji imechanwa, kona yake hii. Hapa ni dole gumba lako.

Gazeti nyuma yangu likaacha kuchakacha. 

"Na hapa?" akauliza, kidole chake kiko kwenye mstari wa mwisho. "Huyu shahidi aliyesema nilielezwa mbele yake ni nani?"

"Ni mimi."

"Nilielezwa?"

"Hukuelezwa. Nilikwambia ulegeze mkono."

Nilidhani atanitemea mate, na ningemwona ana haki. Alizikusanya karatasi, akazisawazisha pembe kwenye ukingo wa dirisha kama mtu anayekunja sare iliyokwisha kupigwa pasi.

"Sikusamehe," akasema. "Lakini kesho utakuja uyaseme haya mbele yao."

"Nitakuja."

Alipokwisha toka, Mzee Taratibu alisimama kando ya kiti changu. Alisema kwa sauti ndogo, ya huruma karibu. "Kesho usije kazini, mwanangu. Wala keshokutwa." Akanyoosha mkono, nikampa muhuri na funguo. Mafaili kumi na sita yaliyobaki yako kule juu, na sasa anajua yapo, ila hajui yalipo.

Jumanne, 30 Aprili

Ofisi ya Baraza ni chumba kimoja ghorofa ya pili, meza moja, madirisha hayafungi vizuri na mvua inaingia. Katibu wake ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alizipitia nakala zetu, akaukagua muhuri dhidi ya mwanga, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamsukumia yule dada fomu ya lalamiko.

Aliijaza mwenyewe, mwandiko wake ule. Alipofika mstari wa "Jina kamili la anayelalamikiwa," akaandika jina la hospitali. Katibu akalikata.

"Hospitali haiitwi ikaja, dada. Huitwa mtu. Na jina lake liwe linaonekana kwenye viambatisho. Kama halimo, fomu inarudishwa mpaka uchunguzi umtambue mtu."

"Mpaka lini?"

"Wiki sita, saba." Katibu akaitazama kalenda, halafu akamtazama yeye, na wote tukaelewa.

Yule dada akazifunua karatasi upya, moja baada ya nyingine, akitafuta jina la Mganga Mkuu, akitafuta la mzee mwenye wino wa buluu, wote nilikwisha kumtajia njiani. Mimi nilikuwa nalijua lile faili kwa moyo. Ilikuwa saa tisa na nusu, wanafunga saa kumi. Nikawafikiria wanangu na mitihani yao, nikaona jinsi nitakavyosimama peke yangu mbele ya watu na sahihi kumi na saba, na hao wengine wamekaa wananisikitikia.

"Andika la kwangu," nikasema. "Wakiniita, nitawataja wote. Na nitawaonyesha mafaili yalipo."

Hakunibembeleza wala hakunishukuru. Aliandika jina langu na la baba yangu, polepole, bila kukosea, akatia sahihi yake chini. Katibu akasoma mpaka mwisho, akashika kalamu tayari kwa mstari uliobaki.

"Huyu mlalamikiwa," akauliza, "anapatikana wapi?"

"Nipo hapa," nikasema.

Katibu akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena, akaandika hivyo hivyo.